Rimu ya Nne

Desemba ikifika simu yangu hailali.
Jana ililia mara arobaini kabla ya chai:
kengele zinazometameta, kondoo, theluji
(theluji, Webuye, hebu fikiria),
na chini kabisa: "Krismasi njema
kutoka kwa familia ya Mzee Khaoya, Kitale."
Simjui Mzee Khaoya.
Aliyenitumia ni binamu yangu Sitati,
hakujisumbua hata kulifuta jina la watu.

Mimi nimetandika gazeti mezani,
mkasi, wembe, kalamu ya wino wa buluu,
nikaishusha kutoka darini rimu ya nne.

Mliokuwepo mnaikumbuka ile harufu,
mayai viza toka Nzoia hadi stesheni,
na sisi watoto wa kiwanda tukienda mashindano ya shule
wenzetu wakishika pua kabla hatujashuka garini.
Moshi ulikula mabati, ukala senyenge,
ukamkohoza mama miaka kumi na mitatu.
Baba alisema hiyo ndiyo harufu ya karo.

Siku lango lilipofungwa
alikuwa akidai mishahara ya miezi saba.
Alirudi akisukuma baiskeli, rimu nne nyuma
zimefungwa kwa mpira wa tyubu.
"Wametulipa," akasema, na hakucheka.

Ya kwanza iliishia kwenye barua za madai.
Ya pili ikawa madaftari yetu,
mama akiyashona kwa uzi wa magunia.
Ya tatu iliingia maji, tukaiwashia jiko.
Hii ya nne hakuna aliyethubutu kuigusa
hadi mwaka nilipoanza kadi.

Naikunja karatasi. Haipendi kukunjwa.
Imeingia umanjano ukingoni, kama jino.
Nachora ninachokiweza, kuku,
maana huku kuku ndiye Krismasi.
Kwa Nelima aliyeko Doha nachora jogoo wa jirani
aliyemdonoa alipokuwa darasa la pili:
*Mjukuu wake yupo, tabia ni ileile.*
Kwa Mwalimu Murunga, Lugari:
*Macho yanaendeleaje? Nimeandika herufi kubwa makusudi.*
Kwa Kulundu, ambaye hatusemezani tangu kesi ya shamba,
nimeharibu karatasi tatu.
Mwishowe nimeandika "Kulundu," kisha koma,
nikaiacha koma ifanye kazi yake.

Posta, msichana wa dirishani ananitazama
kana kwamba nimeulizia shilingi ya zamani.
"Stempu?" Anafungua droo, anaifunga, anamwita mtu.
Muhuri umekauka. Anaupumulia kwanza,
kama anayesafisha miwani, ndipo unashika.
"Mama, si ungetuma kwa simu tu? Ni bure."
Ni bure, kweli.
Nalamba gundi, nabandika, namwambia:
hizi zimelipiwa zamani.

Jioni baba anaiomba rimu.
Haoni vizuri siku hizi, anahesabu
kwa kidole gumba kilicholowa mate,
kama karani wa benki siku ya mwisho wa mwezi.
Anafika sitini na moja, anapotea, anaanza upya.
Anaichomoa moja, anainusa.
"Ya kwetu," anasema.

Kisha, bila kuniangalia:
"Huu uliowatumia ni mshahara wa mwezi wa ngapi?"
Nafikiri kidogo. Miaka mitano ya kadi.
"Wa tano, baba."
"Bado miwili," anasema,
na kuirudisha rimu juu ya gazeti
polepole, kwa mikono yote miwili,
isije ikakunjika pembe.